Kujiandaa na Marafiki kwa Matembezi Marefu ya Hisani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kundi letu lina watu wanne, na hakuna mwanariadha hata mmoja. Tumeshatembea kilomita 50 za hisani mara tatu na kilomita 100 mara moja. Kila tukimaliza, simu huanza kuita: mtu na marafiki zake wameshajiandikisha, hawajui waanzie wapi. Haya ndiyo tunayoulizwa zaidi. Mengi ya majibu tumeyalipia kwa nyayo zetu wenyewe.

Tumejiandikisha kilomita 50. Tuanze mazoezi lini?

Kama kwa sasa hamtembei zaidi ya shughuli za kila siku, anzeni wiki 16 kabla. Kama mnaweza kutembea saa mbili bila kuchoka sana, wiki 12 zinatosha.

Wengi hudhani mwezi mmoja unatosha, maana nani asiyejua kutembea? Pumzi kweli huja haraka. Baada ya wiki tatu au nne, mlima uliokuwa unakuhemesha unaupanda huku unaongea. Lakini kano, mifupa na ngozi ya nyayo huchelewa kuzoea kuliko moyo na mapafu, na hapo ndipo watu huumia: kifua kinasema twende, kano ya kisigino bado haijawa tayari.

Pigeni hesabu hii mapema. Mtu wa kawaida kwenye njia tambarare hutembea kama kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo kilomita 50 ni saa 10 za kutembea tu. Weka muda wa kula, kujisaidia, kubadili soksi na kusubiriana, weka na uchovu wa mwishoni, unafika saa 12 au 13. Kwa hatua, ni zaidi ya 60,000 kwa kila mmoja. Mnachofanyia mazoezi ni kukaa juu ya miguu muda wote huo. Kasi haina kazi kubwa hapa.

Ratiba ya wiki iweje?

Siku nne za kutembea zinatosha: tatu fupi, za dakika 40 hadi saa moja na nusu, na moja ndefu mwishoni mwa wiki. Ile ndefu ndiyo uti wa mgongo wa maandalizi. Mkibanwa na kazi, acheni fupi, msiache ndefu.

Kwa wiki 16, safari zetu ndefu huenda hivi: kilomita 8, 10, 13, halafu tunashuka hadi 9. Kisha 15, 18, 21, tunashuka hadi 14. Kisha 24, 27, 30, tunashuka hadi 20. Wiki ya 13 tunatembea 35, na huo ndio mwisho wa kupanda. Wiki ya 14 ni 20, ya 15 ni 12, na ya 16 ni siku yenyewe. Kule kushuka kila wiki ya nne watu hukudharau, nami nawasihi msikuruke, kwa sababu mwili hujijenga unapopumzika. Wala hakuna haja ya kutembea kilomita 50 zote mazoezini. Mkifika 35 mkiwa salama, zilizobaki zitabebwa na siku yenyewe na watu wake.

Kwa kilomita 100, ongezeni kitu kimoja: siku mbili ndefu zinazofuatana, kwa mfano 30 Jumamosi na 20 Jumapili. Ile ya Jumapili ndiyo inayofundisha miguu kutembea ikiwa tayari imechoka. Tembeeni pia angalau usiku mmoja.

Na kama njia ina milima, msifanye mazoezi ya kupanda tu. Kinachoumiza mapaja kesho yake ni mteremko, kwa sababu misuli inajikaza kukuzuia huku inavutwa. Tafuteni mteremko mkaushuke mara nyingi, kwa hatua fupi.

Kwa nini tufanye mazoezi pamoja? Kila mtu ana muda wake.

Safari fupi kila mtu afanye kwa muda wake. Ndefu tembeeni pamoja. Hili ndilo ningependa mlishike hata mkisahau mengine yote.

Matembezi ya Trailwalker ya shirika la Oxfam, yaliyoanzia Hong Kong mwaka 1981 kama zoezi la askari wa Kigurkha (Wanepali wa jeshi la Uingereza), huwapa timu ya watu wanne saa 48 za kumaliza kilomita 100 wakiwa pamoja. Ukitembea kwa utaratibu huo unaelewa upesi kwamba miguu yako ni robo tu ya kazi. Robo tatu ni miguu ya wenzako, na miguu ya mwenzako huwezi kuijua bila kutembea naye mpaka achoke.

Yupo dada kwenye kundi letu ambaye akianza kujibu kwa neno moja moja, ujue ana njaa. Hatasema, na mwenyewe hajui. Tuligundua hilo safari ya nne ya mazoezi, kilomita ya 19 hivi, tulipodhani amekasirika. Mmoja wetu alimpa ndizi, na baada ya dakika kumi alikuwa anasimulia habari za wajomba zake. Tangu siku hiyo, akinyamaza tunafungua begi. Mwingine akichoka huanza kukaza mwendo, anataka yaishe haraka, na inabidi ashikwe bega. Mambo haya hayamo kwenye ratiba yoyote. Mtayapata kwa kutembea pamoja tu.

Mmoja wetu ana mwendo wa haraka, mwingine wa polepole. Tufanyeje?

Mwaka wetu wa kwanza tulifanya kosa linalofanywa na karibu kila kundi. Wenye kasi walitangulia, wakafika chini ya mti, wakakaa, wakanywa maji. Yule wa nyuma alipofika dakika nane baadaye, wao walikuwa wameshapumzika, wakasimama, wakasema, "Haya, twende." Basi siku nzima mtu aliyehitaji mapumziko kuliko wote hakupumzika hata mara moja. Jioni alilia, na alikuwa na haki ya kulia.

Sasa tuna sheria mbili. Ya kwanza, mapumziko huanza kuhesabiwa pale wa mwisho anapokaa. Ya pili, mwenye mwendo wa polepole hatembei nyuma. Anakaa wa pili kwenye mstari, nyuma tu ya anayeongoza, na anayeongoza anasikiliza nyayo zake. Zikianza kuachwa, anapunguza. Huwezi kuamini tofauti ilivyo. Aliyekuwa akiburutwa anaona ndiye anayeshika usukani, na mara nyingi huongeza mwendo mwenyewe bila kuombwa.

Mwenye kasi akitaka kujipima, ana siku zake tatu fupi.

Tuvae viatu gani?

Vile ambavyo mguu wako umevizoea. Swali la kiatu bora halina jibu moja, maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kubanwa na kiatu anakujua mvaaji.

Yapo lakini ya jumla. Mguu huvimba ukitembea saa nyingi, kwa hiyo nunua kiatu jioni, ukiwa umevaa soksi utakazotembea nazo, na hakikisha kuna nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Kwa wengi hiyo ina maana ya kuongeza nusu saizi au saizi nzima. Kwa barabara na njia ngumu, raba za kukimbilia zinatosha. Buti nzito zina faida kwenye mawe na matope, lakini uzito wake utaulipia kila hatua. Raba nyingi huanza kuchoka kati ya kilomita 500 na 800, na maandalizi haya peke yake, ukijumlisha safari fupi, yanakaribia hapo. Kama zako zilikuwa kuukuu tangu mwanzo, nunua mpya wiki sita kabla, uzizoee. Usivae kiatu kipya siku yenyewe hata kama umepewa zawadi na mtu unayempenda.

Malengelenge tunayazuiaje?

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi waliofanya mazoezi vizuri huangushwa na kitu hiki.

Lengelenge hutokea pale ngozi ya juu inaposhikwa na soksi huku mfupa wa ndani unaendelea kusogea. Tabaka za ngozi zinavutana, zinaachana, na maji yanajaa katikati. Joto na unyevu huharakisha. Kwa hiyo epukeni soksi za pamba, zinakunywa jasho na kukaa nalo. Sufu laini au nyuzi za kutengenezwa hukauka vizuri zaidi. Wengine huvaa soksi mbili, nyembamba ndani, ili soksi zisuguane zenyewe kwa zenyewe na ngozi isalimike. Paka mafuta ya mgando vidoleni na kisigino. Kata kucha kwa kunyoosha siku kadhaa kabla, usisubiri usiku wa mwisho. Katikati ya safari vua viatu, kausha miguu, vaa soksi kavu. Dakika kumi hizo zina thamani kuliko dakika kumi nyingine zozote za siku hiyo.

Lakini dawa kubwa ni kusema. Mwenzetu mmoja alihisi kitu kama kijiwe kisiginoni kilomita ya 22. Akaona aibu kutusimamisha. Kilomita ya 31 aliposhindwa kuficha kuchechemea, tulimkalisha na kumvua kiatu. Soksi ilikuwa imeganda kwenye ngozi, ikabidi tuilowanishe kwa maji ya kunywa ndipo iachie. Chini yake palikuwa na lengelenge pana kuliko mfuniko wa chupa, limepasuka, ngozi nyeupe imejikunja pembeni kama karatasi iliyolowa, na katikati nyama nyekundu inayong'aa. Pale kilomita ya 22 kipande cha plasta na dakika mbili vingetosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta huo tuliujenga kwa kilomita 19 za kumshika mkono.

Ndiyo maana kwetu anayesema "simameni, naungua hapa" huambiwa asante. Kwa sauti. Mkiizoea mazoezini, siku yenyewe hakuna atakayeona haya.

Likishatokea: kama ni dogo na halijapasuka, lizungushie plasta yenye tundu katikati ili lisibanwe. Kama ni kubwa na linauma, osha mikono na ngozi, toboa pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua maji, uache ngozi ya juu mahali pake, kisha funika. Mwenye kisukari asitoboe, aende kwa mhudumu wa afya.

Tunywe maji kiasi gani?

Kunywa ukisikia kiu. Najua mmezoea kuambiwa mnywe kabla ya kiu, tena mengi, lakini kwenye matembezi ya saa nyingi ushauri huo unaweza kudhuru. Anayekunywa maji kupita yale anayotoa huipunguza chumvi iliyomo kwenye damu, na hali hiyo huweza kuua. Walio hatarini zaidi ni wale wa polepole, kwa sababu wana muda mwingi wa kunywa, wanapita kila kituo, na hawatoki jasho jingi. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kisha kuchanganyikiwa. Vidole vya mikono kuvimba peke yake ni kawaida kwa anayetembea mikono ikining'inia, lakini kukija pamoja na hizo nyingine, acheni kumnywesha maji na muite huduma ya dharura.

Upande wa pili, mkojo mchache wa rangi iliyokolea na kizunguzungu ni dalili za upungufu wa maji. Na mtu ambaye mwili wake unawaka, anaongea asichokielewa au anayumba, amepigwa na joto: mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na muite msaada wakati huohuo mkimpoza. Msisubiri.

Na chakula?

Kidogo kidogo kila saa, tangu saa ya kwanza, kabla njaa haijaja. Vyakula vya wanga na kitu chenye chumvi. Jaribuni mazoezini kila mtakachokula siku hiyo, maana tumbo nalo linahitaji mazoezi.

Tumeze dawa za maumivu kabla ya kuanza?

Hapana. Dawa kama aibuprofeni, mtu akizimeza huku anatembea saa nyingi juani, huzipa figo mzigo na huweza kuvuruga uwiano wa maji na chumvi. Tena zinakuficha maumivu uliyotakiwa kuyasikia.

Maumivu gani ni ya kawaida, na yapi ya kusimama?

Misuli ya mapaja na vigimbi kuuma pande zote mbili kesho yake ni kawaida, huisha ndani ya siku mbili tatu. Simama ukiona maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, hasa juu ya mfupa wa wayo au wa muundi, yanayozidi kadiri unavyotembea. Huenda mfupa umeanza kupata ufa, na ufa wa mfupa hauvumiliwi kwa ushujaa. Simama pia ukiona unabadilisha mwendo ili kukwepa maumivu. Goti lako la kulia huanza kuuma kwa sababu ya lengelenge la mguu wa kushoto.

Kifua kubana, kupumua kwa shida au kuzimia si mambo ya kujadiliana. Ni hospitali.

Mwenzetu ana kisukari. Anaweza kushiriki?

Wengi wanashiriki, tena vizuri. Aonane na daktari wake kabla ya kuanza mazoezi, kwa sababu kutembea saa nyingi hushusha sukari na huenda dozi ikahitaji kubadilishwa. Abebe kitu cha sukari mfukoni mwake, na ninyi wengine kila mmoja abebe chake kwa ajili yake. Jueni dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho la ghafla, kuchanganyikiwa. Kama kisukari kimempunguzia hisia za miguuni, akaguliwe nyayo kila kituo kwa macho, maana hatakisikia kile "kijiwe". Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mjamzito naye aanze kwa daktari.

Barabara zetu hazina njia ya waenda kwa miguu. Tutembeeje?

Kwa mstari mmoja, upande unaokabili magari yanayokuja, ili muyaone. Usiku vaeni kitu kinachoakisi mwanga, wa mbele na wa nyuma wawe na taa. Msizibe masikio yote mawili kwa muziki.

Tumekosa wiki mbili kwa ugonjwa. Tumeharibu kila kitu?

Hapana. Rudini hatua moja nyuma ya pale mlipoachia, kisha mwendelee. Msijaribu kulipa deni kwa kutembea mara mbili.

Tunaona haya kuomba michango. Tuanzeje?

Ombeni mtu mmoja mmoja. Tangazo kwenye kundi la watu mia husomwa na mia na kujibiwa na watatu, lakini ujumbe wenye jina la mtu, unaosema kwa sentensi mbili kwa nini jambo hili linakugusa wewe, hujibiwa. Mwaka 2020 huko Uingereza, Kapteni Tom Moore alichangisha zaidi ya pauni milioni 30 kwa ajili ya misaada ya huduma za afya kwa kuzunguka bustani ya nyumbani kwake mara 100, akitembea kwa kifaa cha kujishikilia, akikaribia kutimiza miaka 100. Kila mzunguko ulikuwa mita 25. Watu walimchangia yeye na sababu yake. Umbali ulikuwa mfupi kuliko safari yenu ya kwanza ya mazoezi.

Anzeni kuchanga ninyi wenyewe, hata kidogo. Gharama zenu za viatu, usafiri na chakula zitoke mifukoni mwenu, zisiguse mchango. Kama shirika mnalolisaidia lina njia yake ya kupokea fedha, tumieni hiyo moja kwa moja. Kama fedha lazima zipitie kwenu, wawili washike hesabu, si mmoja, na wachangiaji waone jumla kila wiki. Tunawaandikia pia habari za mazoezi: leo tumefika kilomita 24, mvua imetunyeshea tangu ya 9. Anayefuatilia safari hufikiria kuongeza.

Mmoja wetu akishindwa njiani?

Amueni hili wiki kadhaa kabla, mkiwa mmekaa, mmeshiba. Nani atabaki naye mpaka apate usafiri? Wengine wataendelea? Sisi tulikubaliana kwamba anayetaka kuacha anakaa kwanza dakika 20, anakula, anabadili soksi, ndipo anaulizwa tena. Akisema bado anaacha, hakuna anayembembeleza, na aliyepangwa kubaki naye anabaki. Michango yake inahesabiwa ileile. Mara moja ilitokea, kilomita ya 78 ya zile 100, saa tisa usiku. Kwa kuwa tulishakubaliana, hakuna aliyegombana na mtu.

Siku yenyewe tuanze vipi?

Polepole kuliko mnavyotaka. Kuna muziki, kuna umati, kila mtu anawapita. Waacheni wapite. Saa ya kwanza mnatakiwa kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, na simameni kilomita ya 5 mkaze au kulegeza kamba za viatu, hata kama hakuna anayeona haja.

Tukishamaliza?

Msikae chini papo hapo. Tembeeni taratibu dakika kumi, vaeni nguo kavu, kuleni ndani ya saa moja, na asiendeshe gari aliyekesha. Kesho yake, kabla ya kitu kingine, waandikieni wachangiaji: tumefika, jumla ni hii, imekabidhiwa siku fulani. Wekeni na picha, hata ya miguu.

Siku ya nne sisi hukutana kwa matembezi ya nusu saa, kwa makubazi, na anayeongoza hachaguliwi. Tunaanza tu, na wa polepole tayari yuko nafasi ya pili.